Jiko la Wasomaji: Vyakula vya Kijerumani Bila Nyama, Mayai wala Maziwa

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo moja: utampikiaje chakula cha asili cha Kijerumani mtu asiyegusa kitu chochote kitokacho kwa mnyama? Mtu huyo haachi nyama na samaki tu. Mayai, maziwa, siagi, jibini na asali navyo havimo. Hapa tutamwita mvegani. Katika vipimo vyetu kikombe ni mililita 250, kijiko kikubwa ni mililita 15, na kijiko cha chai ni mililita 5.

Tambi zangu zimekuwa uji, na jibini yangu imekuwa mchuzi wa nazi

*Ndugu wahariri, ninapika katika nyumba ya wageni Mikindani. Wageni wawili wa Kijerumani waliniomba Käsespätzle, yaani tambi za jibini, isiyo na mayai wala jibini. Nikakanda unga kwa maji matupu, na mahali pa jibini nikatia tui zito. Tambi zilivunjikavunjika kwenye maji, na sosi ikanukia nazi tupu. Nimekosea wapi? — Mpishi, Mikindani*

Ndugu mpishi, umekosea mahali pawili, lakini chanzo ni kimoja. Uliondoa kiungo kabla ya kujua kilikuwa na kazi gani ndani ya chakula. Hilo ndilo swali la kwanza kwa kila mlo utakaotaka kuubadilisha. Yai katika Spätzle, tambi fupi laini za watu wa Schwaben kusini-magharibi mwa Ujerumani, linafanya kazi tatu: linashika unga, linauimarisha likipata moto, na linaupa rangi ya manjano. Maji hayawezi hata moja.

Anayeweza ni unga wa dengu, huo huo wa bajia. Changanya gramu 350 za unga wa ngano, gramu 50 za unga wa dengu, kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha chai cha manjano. Mimina maji mililita 320 kidogo kidogo huku ukipiga kwa mwiko. Piga kwa nguvu dakika tano, mpaka rojo lianze kutoa mapovu. Kisha liache nusu saa. Usiiruke hiyo nusu saa, maana ndipo unga unapokunywa maji na kuanza kuvutika. Ukiinua mwiko, rojo lidondoke polepole, linyooke kama ulimi, halafu ndipo likatike. Likitiririka kama uji wa mtoto, ongeza unga. Likigoma kuanguka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Chemsha maji mengi yenye chumvi. Sukuma rojo kwa mgongo wa kijiko kupitia chujio lenye matundu makubwa, au lipake kwenye kibao kilicholoweshwa na ulikwangue kwa kisu vipande vyembamba, vikiangukia majini. Vikielea, subiri dakika moja kisha viopoe. Pika kwa mafungu. Ukimwaga rojo lote pamoja, maji hupoa, tambi hukaa chini, hugandana na kupasuka, na nadhani hicho ndicho kilichokupata.

Sasa jibini. Tui lina harufu na utamu wake, wala halikubali kujificha. Katika wali, samaki na kisamvu ni mfalme, lakini katika chakula cha Kijerumani hugeuza kila kitu kuwa cha pwani. Nyinyi wa Mtwara mna kitu bora zaidi, nacho ni korosho. Haina harufu ya kutawala, ina mafuta mengi, na ikisagwa vizuri hutoa krimu nyeupe inayochukua ladha unayoipa. Chukua korosho nyeupe zilizobanguliwa, si za kukaanga. Vipande vilivyovunjika wakati wa kubangua vinatosha kabisa na bei yake ni nafuu. Loweka gramu 150 kwa saa nne, au chemsha dakika 15, kisha mwaga maji. Saga na maji safi mililita 300, maji ya ndimu vijiko vikubwa viwili, haradali kijiko cha chai kimoja, punje moja ya kitunguu swaumu, chumvi kijiko cha chai kimoja, kungumanga ya kukwangua kidogo, na vijiko vikubwa viwili vya wanga wa muhogo. Saga mpaka ukisugua tone katikati ya vidole usikie laini, pasiwe na punje.

Angalizo: wanga wa muhogo si unga wa makopa. Kwangua muhogo mtamu uliotoka shambani, changanya na maji, kamua kwa kitambaa safi, uyaache maji yatulie saa mbili. Mwaga maji ya juu. Tope jeupe linalobaki chini ndilo wanga. Lioshe tena kwa maji mapya, litulie, kisha lianike. Usitumie muhogo mchungu kwa kazi hii.

Pasha sosi kwenye moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha. Kwa dakika chache itaonekana kama maji ya maziwa, halafu ghafla itashika na kuvutika nyuma ya mwiko. Epua hapo hapo. Ukiendelea itakuwa gundi. Panga Spätzle na sosi kwa tabaka, funika dakika tano. Juu mwaga vitunguu maji vitatu vilivyokatwa pete, vikapakwa unga kidogo na kukaangwa hadi kahawia. Usije ukaviacha. Katika sahani hiyo ladha ya kukaangwa inatoka kwao, na bila vitunguu hivyo hata jibini halisi hupooza.

Mchuzi wa kahawia bila mfupa

*Hapa Ndanda wengi tumekua tukiujua ule mchuzi mzito wa kahawia wa Kijerumani. Natamani kuupika wakati wa Kwaresima bila nyama wala mifupa. Kila nikijaribu unatoka mwepesi na una ladha ya nyanya tu. — Msomaji, Ndanda, wilaya ya Masasi*

Si ajabu mchuzi huo kujulikana kwenu. Watawa Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Bavaria, wako Ndanda tangu mwaka 1906, na jikoni ndiko desturi za watu hupokelewa upesi.

Mifupa na nyama vinaupa mchuzi vitu vitatu: rangi na harufu ya kuungua kidogo, ule utamu mzito unaokaa ulimini, na ute unaoufanya ushike kijiko. Kila kimoja kitafutie mbadala wake.

Rangi kwanza, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Pasha vijiko vikubwa vinne vya mafuta katika sufuria pana. Tia vitunguu maji viwili vikubwa na karoti mbili, zote zimekatwa ndogo, na shina la seleri ukilipata. Usikoroge kila wakati. Mboga inayogeuzwageuzwa hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Baada ya dakika 12 hadi 15 kingo zitakuwa za kahawia. Sukuma mboga pembeni, weka vijiko vikubwa viwili vya nyanya ya kopo katikati, uikaange peke yake hadi wekundu wake uwe kama matofali. Nyanya isiyokaangwa ndiyo iliyokuachia ile ladha unayoilalamikia.

Sasa mwaga maji nusu kikombe, kwangua ukoko wa chini, uyaache yakauke mpaka mafuta yaanze kulia tena. Rudia mara ya pili, na ya tatu. Ukifanya hivyo mara tatu, kila ukoko unayeyuka na kuwa rangi, na mchuzi utafikia kahawia ya mchuzi wa nyama bila kutia rangi yoyote. Ukikatisha mara ya kwanza utapata rangi ya chungwa.

Utamu unatoka kwenye uyoga mkavu. Loweka gramu 20 katika maji ya moto mililita 300 kwa nusu saa. Tia maji yake, ukiacha yale ya mwisho yenye mchanga, na uyoga wenyewe ukatekate. Uyoga wa mamama ulioanikwa unafaa. Uyoga wa porini usinunue isipokuwa kwa mtu unayemwamini ambaye anaujua kwa jina, maana kuna aina zinazoua na kuupika hakuondoi sumu. Ongeza soya sosi kijiko kikubwa kimoja na nusu, haradali kijiko cha chai kimoja, pilipili manga, na maji mililita 500. Chemsha taratibu dakika 30.

Ute ndio unaobaki. Saga theluthi moja ya mboga na mchuzi wake, urudishe. Kama bado ni mwepesi, koroga kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa muhogo katika maji baridi, mimina, uchemke mara moja. Siki kijiko cha chai kimoja mwishoni huamsha ladha yote. Onja chumvi baada ya soya sosi, kamwe si kabla. Mchuzi huu ukilala usiku mmoja kwenye friji, kesho yake unakuwa mtamu zaidi.

Kabichi yangu ya chumvi imelainika na ina utando

*Nilitengeneza Sauerkraut kwa maelekezo ya Kijerumani: kabichi na chumvi kwenye ndoo kwa wiki nne. Imelainika kama imepikwa, ni chachu kupita kiasi, na juu ina utando mweupe. Niitupe? — Mama wa watoto watatu, Lindi mjini*

Mama, maelekezo yako hayana kosa. Yaliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye baridi ya nyuzi joto 18 hadi 20. Ndani ya nyumba za Lindi joto hupita nyuzi 28 sehemu kubwa ya mwaka, na bakteria wanaochachua kabichi hukimbia. Katika baridi wanapokezana taratibu: aina ya kwanza huleta mapovu na harufu nzuri, kisha aina zinazostahimili uchachu huja kumaliza kazi. Katika joto aina ya kwanza huondolewa mapema, na unabaki na uchachu mkali usio na harufu.

Utando mweupe, mwembamba na usio na manyoya ni wa hamira za hewani. Uondoe kwa kijiko, onja, na kama harufu ni ya uchachu safi, tumia. Ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya waridi, au harufu ya kuoza, tupa yote bila kuonja.

Safari nyingine fanya hivi. Kabichi ngumu, nzito, iliyofika sokoni siku hiyo, kilo 2 baada ya kuondoa majani ya nje na moyo. Katakata nyembamba. Chumvi gramu 50, sawa na asilimia 2.5, kwenye baridi asilimia 2 ingetosha, ila chumvi zaidi kidogo hupunguza kasi na kuifanya kabichi ibaki ngumu. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inafaa. Fikicha kwa mikono dakika 10 hadi maji yatoke yenyewe. Shindilia kwenye chupa pana ya kioo mpaka maji yafunike kabichi, weka jani zima juu, na juu yake kichupa kidogo kilichojaa maji kiwe uzito. Kabichi inayochungulia nje ya maji ndiyo huota ukungu. Usijaze hadi mdomoni, kwa sababu itafura.

Iweke chupa ndani ya beseni lenye maji, uivike kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zinagusa maji, mahali penye upepo na kivuli. Ni akili ile ile ya mtungi. Msimu wa mvua, hewa ikiwa nzito, itasaidia kidogo tu, na kiangazi utaona tofauti. Mapovu huanza ndani ya siku moja. Legeza kifuniko kila siku. Onja siku ya 5. Kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10 imefika, na hapo iingie kwenye friji.

Kuipika kwa asili kunataka mafuta ya nguruwe na vipande vya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kaanga kitunguu kwa vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya alizeti, tia nusu kilo ya kabichi na maji mililita 150, chemsha dakika 40. Kwangua kiazi kimoja kibichi ndani dakika 10 kabla ya kuepua. Wapishi wa Kijerumani wenyewe hufanya hivyo, na kabichi hushikamana ikang'aa. Moshi utaupata kwa uyoga: tandaza uyoga mkavu kwenye wavu juu ya makaa yaliyopungua, tupa vifuu vichache vya nazi, funika dakika 20. Vipande vichache vya uyoga huo vinatosha sufuria nzima.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limewaponza wengi. Ukiona Kümmel kwenye maelekezo ya Kijerumani, usitie bizari nyembamba. Mbegu zake zinafanana lakini ladha ziko mbali. Bizari nyembamba kwao ni Kreuzkümmel. Kümmel ukiikosa, acha tu.

Mbaazi zinakimbia kwenye kabichi

*Ninajaribu Kohlrouladen, kabichi ya kukunja, na ndani ninaweka mbaazi badala ya nyama ya kusaga. Nikichemsha zinafunguka na mbaazi zote zinaelea. — Msomaji, Masasi*

Mbaazi umechagua vizuri, shida ni maji yake. Nyama ya kusaga hukaza ikipikwa. Mbaazi hazikazi, kwa hiyo lazima mseto uwe umeshikamana kabla haujaingia kwenye jani. Chuja mbaazi zilizoiva, vikombe vitatu, uziache kwenye chujio dakika 15. Ponda nusu, nusu nyingine ibaki nzima. Ongeza wali uliolala kikombe kimoja, kitunguu kilichokaangwa hadi kahawia, haradali kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko cha chai kimoja, pilipili manga, na chenga za mkate mkavu vijiko vikubwa vinne. Finyanga tonge la ukubwa wa ndimu. Likiganda kiganjani, ongeza chenga. Likipasuka, nyunyiza mchuzi. Likikaa kimya mkononi, liko tayari.

Usibandue majani ya kabichi mbichi, yatapasuka. Ondoa moyo kwa kisu, tumbukiza kabichi nzima katika maji yanayochemka dakika 8 hadi 10, na majani yatajivua yenyewe moja moja. Mshipa mnene wa kila jani uuparuze uwe sawa na jani. Huo usipopunguzwa ndio unaorudi kujinyoosha na kufungua mkunjo. Weka vijiko vikubwa vitatu vya mseto upande wa shina, kunja mara moja, ingiza pande mbili ndani, endelea kukunja, funga kwa uzi wa pamba.

Kaanga kwanza, upande wenye mwisho wa mkunjo ukitazama chini, bila kuugusa hadi ushike rangi. Kisha panga zikiwa zimebanana kwenye sufuria, mimina mchuzi wa kahawia ulioelezwa hapo juu hadi nusu ya kimo chake, funika, moto mdogo dakika 40. Maji yakitokota kwa kishindo yatafungua hata kilichofungwa vizuri.

Bila nyama ina maana ni halali?

*Assalaam alaykum. Wageni wetu wavegani wanatuambia chakula chao hakina tatizo kwetu Waislamu kwa sababu hakina nguruwe. Ni kweli? — Msomaji, Kilwa Masoko*

Waalaykum salaam. Nguruwe hakika hamo, lakini pombe inaweza kuwamo. Kabichi nyekundu ya Kijerumani mara nyingi hutiwa mvinyo mwekundu, Sauerkraut mvinyo mweupe, sosi nyingine bia, na keki maarufu ya Schwarzwald hutiwa Kirschwasser, pombe kali ya cheri. Neno «vegan» kwenye pakiti halisemi lolote kuhusu pombe. Kwa upande wa pili, maneno ya kuogopa kwenye pakiti za Kijerumani zisizo na alama hiyo ni Schmalz (mafuta ya mnyama, aghalabu ya nguruwe), Speck (nyama ya nguruwe yenye mafuta) na Gelatine. Ya mwisho huko aghalabu hutoka kwenye ngozi ya nguruwe, na imo katika pipi na jeli nyingi.

Mvinyo mwekundu unaziba pengo lake vizuri sana kwa ukwaju, na kuna sababu: asidi kuu ya zabibu na ya ukwaju ni ile ile, asidi ya tataria. Mahali pa mililita 200 za mvinyo tia maji mililita 150, ukwaju mzito uliochujwa kijiko kikubwa kimoja na sukari kijiko cha chai kimoja.

Saladi ya viazi kwa watu 20

*Ninauza chakula Mtwara mjini. Nimepata oda ya saladi ya viazi ya Kijerumani ya kivegani. Mayonezi bila mayai naipata wapi? — Mama lishe*

Huihitaji. Kaskazini mwa Ujerumani ndiko hutia mayonezi. Kusini, kwa Waschwabu, saladi ya viazi ni mchuzi, siki na mafuta, na ukitumia mchuzi wa mboga badala ya wa nyama tayari ni ya kivegani. Tena kwa joto la Mtwara ni salama kuliko mayonezi ya mayai iliyokaa mezani mchana kutwa.

Kwa kila kilo ya viazi: mchuzi wa mboga wa moto mililita 250, siki vijiko vikubwa vinne, haradali kijiko cha chai kimoja, kitunguu kimoja kilichokatwa ndogo mno, chumvi, pilipili manga, mafuta vijiko vikubwa vitano. Kwa watu 20 pika kilo 5. Unahitaji viazi visivyomeguka. Vijaribu kabla ya kununua gunia: changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi, kinachoelea ni cha saladi, kinachozama ni cha kuponda. Chemsha na maganda, menya vikiwa moto, kata vipande vyembamba, mwagia mchuzi na siki papo hapo. Acha nusu saa vinywe. Mafuta yatiwe mwisho kabisa. Ukiyatanguliza, yatakivika kila kipande koti na mchuzi hautapenya, utabaki chini ya bakuli. Ikifika, saladi huwa na unyevu na huteleza. Waschwabu huiita schlonzig, na ukiikoroga husikika.

Biskuti za Noeli zimekuwa bapa

*Vanillekipferl zangu nilizotengeneza kwa mafuta ya nazi zilitandaa kama chapati kwenye treya. — Msomaji, Nachingwea*

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24, na hilo kwetu ni joto la asubuhi. Unga wako ulikuwa umeshayeyuka kabla ya kuingia ovenini. Yagandishe kwanza kwenye friji. Tazama pia kipimo: mafuta ya nazi ni mafuta matupu, ilhali siagi ina maji ndani. Palipoandikwa siagi gramu 200, tia mafuta ya nazi gramu 160 na maji ya baridi vijiko vikubwa viwili. Ukitumia majarini, soma pakiti, kwa maana nyingine zina unga wa maziwa.

Kwa hiyo: unga wa ngano gramu 250, sukari ya unga gramu 80, chumvi kidogo, vanila, mafuta kama hapo juu, na mahali pa lozi weka korosho mbichi gramu 100. Zisage kwa kushtua mashine sekunde chache kila mara, pamoja na kijiko cha unga. Ukiiacha mashine izunguke mfululizo utapata siagi ya korosho. Kanda haraka kwa ncha za vidole, weka kwenye friji saa moja. Toa fungu dogo dogo, umba miandamo minene katikati na myembamba nchani, kisha rudisha treya nzima kwenye friji dakika 15. Oka kwa nyuzi 175, dakika 12 hadi 14. Ukioka kwa sufuria ya mkaa, theluthi mbili ya makaa iwe juu. Zitoke zikiwa na rangi nchani tu. Usiziguse dakika tano za kwanza, zinavunjika. Baada ya hapo, zingali vuguvugu, zivingirishe kwenye sukari ya unga na vanila.

Kwa kifupi

*Binti yangu anasoma Leipzig na amekuwa mvegani. Nihofie nini? — Mzazi, Newala*

Vitamini B12. Mimea haina ya kutegemewa, na kabichi iliyochachuliwa haiitoi, hata mkisikia inasifiwa. Shirika la lishe la Ujerumani, DGE, linashauri mikrogramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na kwa mvegani lazima itoke kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana upungufu huchelewa kuonekana: uchovu, ganzi ya mikono na miguu, upungufu wa damu. Mwulize leo kama anameza, wala usingoje dalili.

*Kabichi nyekundu yangu imegeuka bluu. — Msomaji, Lindi*

Ni maji ya kisima yenye chokaa. Rangi ya kabichi hiyo hubaki nyekundu kwenye uchachu tu. Tia siki vijiko vikubwa vitatu kwa kila kilo, na uzitie mwanzoni, pamoja na embe bichi moja lililokwanguliwa mahali pa tufaha, karafuu tatu na sukari kijiko kikubwa kimoja. Hiyo iliyokwisha kuwa bluu haijaharibika: nyunyizia siki sasa hivi, koroga, na wekundu utarudi ukiwa unatazama.